Usonji Si Laana Wala Utukutu

Mtoto anayeziba masikio matatu ikipiga honi, asiyegeuka akiitwa, au anayelia kwa sababu njia ya kwenda dukani imebadilishwa, mara nyingi huitwa mtukutu. Mama yake huambiwa amemdekeza. Wengine hunong'ona habari za uchawi. Kwa aibu, baadhi ya familia humficha mtoto, na miaka ya mapema ambayo angesaidiwa zaidi ikapotea.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi au chanjo. Mtoto asiyezungumza huenda anaelewa yote yanayosemwa mbele yake. Kelele ambayo wengine huizoea yaweza kumuumiza. Kumchapa humwongezea hofu tu.

Mzazi anayeona dalili hizi anashauriwa kumpeleka mtoto kliniki iliyo karibu ili aelekezwe kwa wataalamu. Vituo vya Tathmini na Rasilimali za Elimu (EARC) huchunguza mahitaji ya mtoto na kushauri kuhusu shule inayomfaa. Akithibitishwa na daktari, anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kudhalilisha. Majirani, walimu na makondakta wanaweza kuanzia hapo: wamwite mtoto kwa jina lake, wampe muda wa kujibu, na wasimlaumu mama yake.