Misuli ya mtoto ikiuma baada ya michezo: je, kunyoosha viungo kunatosha?

Jana mtoto wako alikimbia kwenye mashindano ya shule. Leo mapaja na vigimbi vinamuuma, hata kuchuchumaa ni shida. Huenda umeambiwa, "Ni kwa sababu hakunyoosha viungo." Si kweli.

Maumivu yanatoka wapi?
Misuli ikifanya kazi ambayo haijaizoea, nyuzi zake hupata majeraha madogo sana. Mwili huanza kuyatibu, na misuli huuma na kukakamaa. Kwa kawaida maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe.

Kunyoosha kunasaidia nini?
Mapitio ya tafiti 12 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2011 yalionyesha kuwa kunyoosha hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo sana. Hata hivyo, kukifanywa mara kwa mara hufanya viungo vijikunje na kunyooka kwa urahisi.

- Anyooshe baada ya mazoezi, mwili ukiwa bado na joto.
- Abaki katika kila mkao sekunde 15 hadi 30, bila kudundadunda.
- Asikie kuvutika, si maumivu.
- Usimvute kwa nguvu.

Kinachosaidia misuli kupona
Mpe maji na chakula cha kutosha: wali au ugali pamoja na maharage, dagaa, mayai au maziwa. Hakikisha analala vya kutosha. Atembee na kucheza taratibu, lakini asirudie mazoezi makali hadi maumivu yapungue.

Mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa:

- mkojo wake una rangi nyeusi kama chai ya rangi; hii ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini;
- misuli imevimba sana au imekosa nguvu;
- kiungo kimevimba, au hawezi kukanyaga;
- ana homa pamoja na maumivu;
- maumivu hayapungui baada ya wiki moja.

Kama mtoto ana selimundu, usidhani ni uchovu wa michezo tu. Maumivu makali yanaweza kuwa dalili kwamba mishipa ya damu imeziba. Usimkande wala kumnyoosha ukisubiri yapite. Mpeleke hospitali mara moja.