Mguu wa Shangazi na Maneno Yetu

Tulipopanda bara kuwazuru jamaa zetu wa Ruiru, tulimkuta shangazi yetu ameketi karibu na dirisha, mguu wake wa kushoto umelala kama si wake. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi mitatu nyuma. Mara moja kwa wiki binti yake humpandisha matatu hadi Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi, akafanyishwe mazoezi ya viungo. Siku sita zilizobaki, waalimu wa mguu ule ni watu wa nyumbani.

Nasi tukajitia ualimu. "Shangazi, nyosha goti! Kaza paja! Inua vidole!" Kadiri tulivyoamrisha ndivyo mguu ulivyokakamaa, mpaka jasho likamtoka. Mwisho akasema, "Niacheni, wanangu. Nikiufikiria mguu huu, wanikimbia." Tulidhani ni uchovu tu unaosema.

Alasiri, mjukuu wake akabingirisha mpira wa soksi, nao ukasimama mbele ya mguu ule. "Bibi, piga!" Bibi akapiga. Mpira haukuvuka mkeka, lakini goti lililokataa amri zetu asubuhi nzima lilinyooka.

Jambo hili wataalamu walikwisha kulichungua. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti wa watu wenye afya waliojifunza kwenye mtambo unaoiga mchezo wa kuteleza thelujini. Walioambiwa waweke mawazo kwenye magurudumu ya mtambo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa waiangalie miguu yao kwa fikira. Mwili una mazoea yake. Akili ikiingilia kila msuli, mwendo hukatika. Ajaribuye kushuka ngazi huku akiliwaza kila goti atatufahamu.

Hata hivyo, tusifanye pupa. Watafiti wa Uholanzi waliowapima wagonjwa wa kiharusi kwa zoezi la kupiga hatua kwa mguu mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2015, hawakuona kwamba kuwaelekeza nje ya mwili kuliwafaa wote kwa jumla. Wako wagonjwa wasiouhisi mguu wao, au wanaousahau upande mzima wa mwili. Hao huenda wakahitaji kwanza kuutazama mguu, kuugusa na kuukumbuka. Kwa hivyo binti na amuulize mtaalamu wa viungo: mgonjwa wetu tumwambie nini? Swali hilo ni haki yake kuliuliza, wala si utovu wa adabu kwa daktari.

Kwa shangazi, mtaalamu alikubali shabaha zitumike. Badala ya "inua mguu", leso ilikunjwa ikawekwa sakafuni, naye akaambiwa, "Ivuke leso." Badala ya "inama, kaza kiuno" wakati wa kuinuka kitini, kikombe kiliwekwa juu ya kigoda mbele yake, akifikie. Neno moja, kisha kimya. Hili la kunyamaza lilitushinda sisi wanaume kuliko yeyote nyumbani.

Hadhari hazikuachwa. Kiti kiwe kizito, kimeegemezwa ukutani; leso iondolewe zoezi likiisha, isije ikamtelezesha mtu; msaidizi asimame upande uliodhoofika. Wala mgonjwa asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega huumia upesi. Akichoka apumzishwe. Na akiupiga mpira ukaenda kombo, asichekwe, ila akianza kucheka mwenyewe.

Jambo alilolitaka shangazi lilikuwa dogo: afike jikoni kwa miguu yake, aonje mchuzi kabla haujaepuliwa, kwa kuwa, asema, wakwe zake hawajui chumvi. Binti yake akabandika tepu nyekundu sakafuni, moja baada ya moja, kutoka kitini mpaka mlango wa jikoni. Zilikuwa tisa. Siku tuliyorudi pwani, huku binti amemshika ubavuni, alikanyaga ya tatu, akasimama, akauliza nani ameunguza vitunguu.