Mwenye Kuipenda Ratiba na Kushindwa Nayo

Chini ya kitanda changu mna sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mna madaftari 19, kila moja likiwa na ratiba ya maisha yangu iliyopigwa mistari kwa rula, ikatiwa rangi nne, ikaandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wa barua yoyote niliyopata kumwandikia mtu. Na katika ratiba zote hizo haikutokea hata moja iliyodumu wiki mbili. Ya mwisho niliianza jioni ya Ijumaa baada ya sala ya magharibi, nikiwa nimekusudia kuipa nusu saa tu, na nilipoinua kichwa nilimsikia mwadhini akiita alfajiri, makaa ya jiko yamekuwa jivu, chai niliyoibandika imekauka, na majani yake yamegandamana chini ya sufuria kama lami. Jumatatu niliifuata ratiba ile kwa furaha ya mtu aliyevaa nguo ya Idi. Jumanne nilikuwa nyuma yake kwa saa nzima. Jumatano sikuweza hata kulitazama jalada la daftari, kwani moyo ulinienda mbio kana kwamba ndani yake mna deni.

Mimi ni miongoni mwa watu waliokutanisha katika nafsi moja hali mbili, usonji na ile ambayo matabibu huiita kwa herufi nne, ADHD, yaani taabu ya kuuongoza umakini, ya kuutuliza mwili na ya kuizuia haraka ya moyo. Wasemao juu ya hali hizi aghalabu huzieleza mbalimbali, na msikilizaji huweza kudhani kwamba zikikutana zitapunguzana makali, kama maji ya moto yachanganywapo na ya baridi yakawa vuguvugu. Laiti ingekuwa hivyo! Usonji wangu hutaka kikombe kile kile, njia ile ile ya kwenda sokoni Darajani, na habari ya jambo lijalo siku tatu kabla halijaja. ADHD yangu huchoshwa na kila kilichozoeleka, huvutwa na kila kipitacho, na haisikii saa inavyokwenda. Hivyo yule aitakaye ratiba kuliko watu wote ndiye asiyekuwa na mkono wa kuishikia, na inapovunjika huona uchungu ambao mtu aliyechelewa tu haujui, maana kilichovunjika kwake ni ukuta aliokuwa ameuegemea. Nikiwa na miadi ya saa tisa alasiri, mchana wote huniharibikia: siwezi kuanza kazi kwa hofu ya kuzama nisitoke, siwezi kupumzika kwa hofu ya kusahau, basi hukaa ukingoni mwa kiti nimevaa viatu, nikiingoja saa tisa, na pamoja na kungoja kote huko, mara nyingi nikafika saa tisa u nusu.

Kungoja kwa namna hii nakujua tangu utotoni. Skuli niliyosoma ilifunga lango saa moja na nusu, na waliobaki nje walipokewa na mwalimu mwenye bakora. Mama alikuwa akiniamsha kabla ya jua, akanivisha, akaniweka kizingitini na maandazi yangu mkononi, kisha akarudi uani kuwashughulikia wadogo zangu. Nami nilikaa pale pale, tayari kwa kila kitu, nikisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, habari ya bei ya karafuu au ya meli iliyotia nanga, nikaisoma tena na tena hata nikaihifadhi, na nilipokuja kutanabahi jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa, wenzangu wote wamepita mbele ya macho yangu na mimi sikuwaona. Hakuna aliyesadiki kwamba mtoto aliyevaa sare tangu alfajiri angeweza kuchelewa bila ya kusudi. Niliitwa mvivu, kisha mjeuri, na bibi mmoja wa mtaani alimshauri mama anipeleke nikapungwe pepo. Walisema hayo watu walionipenda, na ndiyo maana niliyaamini. Ofisini, miaka mingi baadaye, maneno yalikuwa ya adabu zaidi na yalikuja ndani ya bahasha, na barua za onyo zilikuwa tatu.

Hata elimu yenyewe ilikawia kutuona. Mwaka 1943, huko Baltimore, tabibu Leo Kanner alichapisha habari za watoto 11, akaeleza jinsi walivyong'ang'ania mambo yabaki vile vile bila ya kugeuzwa. Mwaka uliofuata, huko Basel nchini Uswisi, mkemia Leandro Panizzon alitengeneza methilfenideti, dawa ambayo baadaye ilikuja kuwa mashuhuri kwa watu wenye ADHD. Elimu mbili hizo, ya usonji na ya ADHD, zilikua kama nyumba mbili za jirani zisizopeana moto. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, ambao hufuatwa na matabibu wa nchi nyingi, katika toleo lake la mwaka 1994 haukumpa tabibu idhini ya kumwandikia mtu ADHD ikiwa amekwisha kumwandikia usonji, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka toleo la mwaka 2013. Kwa hiyo mtoto mwenye hali zote mbili alipewa jina moja, na nusu yake nyingine ikaachwa iitwe tabia mbaya. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 41 tabibu aliponitamkia majina yote mawili katika kikao kimoja, na ingawa nilifika kwake nimechelewa nusu saa, hakunikemea. Alichukua kalamu akaandika kwamba nimechelewa, kama tabibu mwingine aandikavyo kwamba mgonjwa ana homa.

Mwanasaikolojia Russell Barkley wa Marekani, aliyeshughulika na ADHD kwa miongo mingi ya miaka, huifananisha na maradhi ya macho yasiyoona mbali, ila kisichoonekana hapa ni wakati. Nashuhudia kuwa ni kweli. Kwangu mimi ziko nyakati mbili tu, sasa na isiyokuwa sasa, na katika hiyo ya pili kesho na mwaka ujao hukaa pamoja katika ukungu mmoja. Watu huniambia niweke kengele katika simu. Nimeweka, nazo zilikuwa 12 kwa siku, na sikio likazizoea kama linavyozoea honi za daladala, hata nikawa nazizima nisijue kwamba nimezizima.

Walakini ipo ratiba moja niliyoishika bila ya kuonywa, nami niliishika kwa miaka. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na shangazi yangu wa Jambiani, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia humo mapema. Kila likizo nilipelekwa kwake, na kila bamvua nilishuka naye pwani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo maji hupwa mbali mno, kwetu yakawa yamefika mwisho wa kupwa karibu na saa nne za asubuhi. Kesho yake hupwa baadaye kidogo, na kesho kutwa baadaye tena, kwa wastani wa dakika 50 kwa siku, mpaka bamvua likaisha yakaja maji mafu. Sikuwa na saa wala daftari. Shangazi alisimama uani akiitazama bahari, akaniita, "Haya mwanangu, maji yanapwa, twende," nami nikaitika, "Naam, shangazi," nikachukua kikapu; njiani walikuwapo wanawake wenziwe wenye kamba mabegani, na mbele yetu mchanga ulijitokeza fungu baada ya fungu, ukimetameta. Tulifunga vishada vya mwani katika kamba, na kamba katika vigingi, mgongo ukiniuma na chumvi ikinichoma vidole. Na maji yalipoanza kurudi yalinigusa kifundo cha mguu, kisha muundi, kisha goti, nami nikaujua muda uliobaki bila ya kumwuliza mtu. Sikumbuki kuchelewa hata siku moja.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Bahari haikunipa saa ile ile kila siku, na upande wangu uchokao na mazoea ukapata kipya cha kuuamsha. Lakini haikuvunja kanuni yake hata mara moja, na upande wangu utakao mambo yabaki yalivyo ukapata pa kuegemea. Tena wakati wenyewe ulionekana kwa macho, ukahisika kwa miguu, na ukaja pamoja na watu. Madaftari yangu yote yalikosa hayo: yalitaka niubebe wakati peke yangu kichwani, nao humo haukai. Wazee wetu wa pwani walizitaja nyakati kwa vitu, wakasema mafungulia ng'ombe, jua la utosini, majogoo. Nahodha aliyataka matanga yake yaende na kaskazi yarudi na kusi, na hakuna aliyemtaka aukumbuke msimu kwa nguvu za kichwa. Sisemi kwamba walikuwa na dawa ya ADHD. Nasema kwamba mtu wa namna yangu hakuachwa peke yake na uso wa saa. Dawa za hospitali nazo sizibezi, ziko zilizowafaa watu wengi. Lakini ninapomwona mzazi akimnunulia mtoto wa namna hii saa ya pili baada ya ile ya kwanza kutomfaa, natamani kumshika mkono nimsihi aketi naye kizingitini, wavae viatu pamoja, watoke pamoja.

Siku hizi nafasiri nyaraka nyumbani kwangu mjini, mbali na mwani. Jirani yangu, mama mtu mzima asiyeyajua majina ya matabibu, huja karibu na mafungulia ng'ombe na ukili wake, akaketi mkekani kando ya meza yangu. Hatuzungumzi. Yeye husuka, mimi hufasiri. Ukili hushuka kutoka mapajani mwake ukatambaa sakafuni, nami nikauona wakati ukirefuka kwa shubiri na dhiraa. Ukifika mguu wa meza huinuka nikanywa maji, na ukifika mlangoni huwa ukurasa wa tatu umekwisha. Siku atakayokuwa na msiba au harusi humtuma mjukuu wake tangu jana yake aje aniambie, "Shikamoo, bibi anakusalimu, kesho hatakuja," kwa kuwa ametambua mwenyewe kwamba habari ya ghafula hunivunjia siku. Juzi aliniuliza kwa nini nimeacha kununua madaftari, nami nikamwonyesha ukili. Aliutazama, akaupima kwa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akasema kwamba mwenye mkeka anautaka kabla ya Ramadhani, basi tuongeze mwendo.