Masharti ya Shahada ya Uzamili katika Kemia ya Mazingira: Nafasi ya Uthibitisho wa Vipimo katika Tasnifu

Shahada ya uzamili katika kemia ya mazingira hutolewa kwa masharti ambayo, yakitazamwa juu juu, hayatofautiani sana na yale ya taaluma nyingine. Nchini Tanzania, mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unaiweka shahada hiyo katika ngazi ya 9 na kuitaka ifikie angalau krediti 180. Krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za mihadhara, maabara, kujisomea na utafiti. Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza yenye msingi wa kutosha wa kemia. Akishadahiliwa katika programu ya kozi na tasnifu, husoma kemia changanuzi, kemia ya maji, udongo na hewa, takwimu na mbinu za utafiti, kisha huwasilisha pendekezo la utafiti.

Hadi hapo hakuna utata mkubwa. Utata huanza kwenye tasnifu, kwa kuwa sharti zito kuliko yote halionekani kwenye hesabu ya krediti: mtahiniwa athibitishe kuwa kipimo chake kinaaminika.

Mfano mzuri ni floridi. Maji ya chemchemi na visima vingi katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, yana floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Zaidi ya hapo, meno ya watoto huanza kuwa na madoa. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kwa hiyo, tasnifu inayotamka kwamba kisima fulani ni salama hugusa watu ambao hawataisoma kamwe, hasa ikizingatiwa kuwa tasnifu za kemia nchini huandikwa kwa Kiingereza.

Floridi hupimwa mara nyingi kwa elektrodi inayohisi ioni zilizo huru tu. Ioni zilizoshikamana na alumini au chuma hazihisiwi, na kisima hudhaniwa kuwa na floridi kidogo kuliko iliyomo. Kinyume chake, katika maji yenye alkali nyingi, ambayo ni ya kawaida katika Bonde la Ufa, ioni za hidroksidi huweza kuhesabiwa kana kwamba ni floridi. Ndiyo maana sampuli huchanganywa na bafa maalumu inayoziachilia ioni zilizoshikwa, kuiweka pH kati ya 5 na 5.5, na kusawazisha nguvu ya ioni katika sampuli na katika myeyusho sanifu.

Tasnifu inayoandika tu kwamba “sampuli zilipimwa kwa elektrodi” haijatimiza sharti, hata kama majedwali yake yanapendeza. Mtahini ana haki ya kuuliza iwapo bafa ilitumika, chupa zilikuwa za plastiki au za kioo, sampuli tupu zilionesha nini, kila kipimo kilirudiwa mara ngapi, na floridi ya kiasi kinachojulikana ilipoongezwa kwenye sampuli ni asilimia ngapi iliyopatikana. Aidha, ataangalia misimu: sampuli za kiangazi pekee hazitoshi kueleza hali ya maji ya mwaka mzima.

Taratibu zilizobaki ni za kiutawala zaidi: barua za kibali cha utafiti, ikirari ya mtahiniwa, ithibati ya msimamizi, ripoti za watahini wa ndani na wa nje na, pale kanuni za chuo zinapotaka, utetezi wa tasnifu. Kasoro za lugha, mpangilio na marejeleo hurekebishwa kwa majuma machache. Sampuli tupu ambayo haikuandaliwa siku ya kupima haiwezi kuongezwa wakati wa masahihisho. Mtahiniwa hulazimika kurudi kisimani, na pengine kusubiri msimu mwingine.