Kaboni si Makaa: Istilahi za Mawe Yaliyotoka Angani

Mfasiri anayeshughulikia habari za mawe yaliyoanguka kutoka angani hukutana mapema na neno moja linalohitaji uangalifu, nalo ni kaboni. Wepesi wa kwanza ni kuliita makaa. Tafsiri hiyo humwelekeza msomaji kusiko, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini, kisha kupendekeza istilahi zinazofaa. Mifano yetu mikuu tumeichukua Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, kwa kuwa mkoa huu una mawe mawili ya angani yanayojulikana kwa wataalamu wa dunia nzima.

Kimondo na jiwe lake

Msafiri aendaye Tunduma kutoka Mbeya huweza kuiacha njia kuu, akafika kilima cha Marengi wilayani Mbozi. Hapo lipo pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wageni walilitambua mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilijua kabla ya hapo. Sehemu yake kubwa, kiasi cha asilimia 90, ni chuma; inayofuata kwa wingi ni nikeli.

Pande hili huitwa Kimondo cha Mbozi. Lakini kimondo ni pia ule mwanga upitao angani usiku kwa kasi na kutoweka. Katika mazungumzo hakuna tatizo, ila katika kitabu cha sayansi mambo hayo mawili hayana budi kutenganishwa. Tunapendekeza kimondo kibaki jina la mwanga, na kitu kilichofika ardhini kiitwe jiwe la kimondo, au chuma cha kimondo kikiwa ni cha madini hayo. Jina Kimondo cha Mbozi lisiguswe, maana ni jina maalumu.

Jiwe la Ivuna

Jiwe la pili ni dogo, lakini kwa somo letu lina uzito zaidi. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka Ivuna, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba, upande wa Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Ni jiwe jeusi, laini, lililofinyangwa kama udongo mkavu, na kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake ni kaboni.

Wataalamu wamelifanya jiwe hili kuwa kielelezo cha kundi zima la mawe ya kimondo, linaloandikwa kwa herufi CI. Herufi ya pili ni I ya Ivuna. Wafasiri wajihadhari wasiisome kuwa tarakimu 1, kwani C1 ni alama nyingine, inayoonyesha kiasi ambacho jiwe limebadilishwa na maji. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani kilileta gramu 5 na ushei za changarawe na vumbi kutoka asteroidi ya Ryugu. Zilipochunguzwa, zilionekana kufanana sana na mawe ya kundi la Ivuna. Hivyo kijiji cha Momba kimekuwa kipimo cha udongo wa angani.

Sasa, mfasiri akiliita jiwe hilo jiwe la makaa, msomaji atafahamu nini? Mkoani humo humo, wilayani Ileje, yapo makaa ya mawe ya eneo la Songwe-Kiwira. Hayo ni mabaki ya mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, nayo huwaka. Msomaji atadhani kwamba jiwe la Ivuna nalo lilitokana na msitu, na kwamba linafaa jikoni. Yote mawili si kweli.

Maumbo ya kaboni

Kaboni ni jina la elementi. Makaa ni kitu chenye kaboni nyingi pamoja na vitu vingine. Atomi za kaboni zikipangika kwa namna mbalimbali, huzaa vitu vinavyotofautiana kabisa:

(a) Grafiti ni nyeusi, laini, na huacha alama juu ya karatasi. Ndiyo iliyomo ndani ya kalamu tuiitayo ya risasi, ingawa kalamu hiyo haina risasi. Hupatikana katika baadhi ya vyuma vya kimondo, kama vile vya Canyon Diablo huko Marekani.

(b) Almasi ni kaboni ile ile iliyopangika kwa kushikamana sana. Ya Mwadui ilitoka chini ya ardhi. Ile ya Canyon Diablo ilitokana na kishindo cha kugonga ardhi. Mawe ya kundi la Ivuna yana almasi ndogo mno, ambazo kiasi cha 400,000 zikipangwa mstari mmoja hujaza milimita 1. Baadhi yake zinaaminika kuwa na umri mkubwa kuliko Jua letu. Tunapendekeza ziitwe vijialmasi.

(c) Kabonati ni kaboni iliyoungana na oksijeni na metali, kama katika mawe ya chokaa. Iliyomo katika jiwe la Ivuna ni ushahidi kwamba maji yaliwahi kupita ndani ya mwamba lilikotoka.

Misombo isiyo ya viumbe

Sehemu kubwa ya kaboni ya Ivuna, hata hivyo, imo katika misombo, yaani maungano ya kaboni na elementi kama haidrojeni, naitrojeni na oksijeni. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza kuwa wamepata ndani yake asidi amino, ambazo ni miongoni mwa vitu vijengavyo protini. Katika lugha za Ulaya misombo ya namna hii huitwa kwa neno lililotokana na viumbe hai. Mfasiri akilifuata neno hilo na kuandika "mabaki ya viumbe", atakuwa ametangaza kwamba uhai umeonekana angani, jambo ambalo wataalamu hawakulisema. Misombo hiyo hujiunda yenyewe pasipo kiumbe chochote. Aandike misombo ya kaboni, na maana itakuwa kamili.

Kwa muhtasari, tunapendekeza kaboni kwa elementi. Makaa kwa kile kiwakacho. Grafiti, almasi, vijialmasi na kabonati kila moja mahali pake. Na jiwe lenye kaboni kwa mawe ya aina ya Ivuna. Mwalimu wa Momba anayefundisha habari hizi anastahili maneno yasiyomlazimu kusahihisha kitabu mbele ya wanafunzi wake.