Mahakama Ikitamka "Batili", Kesho Yake Hubadilika Nini?

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, ikiwa imeketi Dar es Salaam, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinakwenda kinyume na Katiba. Habari ilipofika mitaani ilikuwa imebaki na maneno manne: ndoa za utotoni marufuku. Ukiisoma hukumu hadi ukurasa wa mwisho, hukuti marufuku hiyo. Unakuta amri, na anayeamriwa si mzazi wala bwana harusi. Ni Serikali.

Tatizo letu ni kwamba hukumu tunaipokea kama matokeo ya mpira, tukiuliza nani kashinda basi. Katika shauri hili mshindi alijulikana mara moja: Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lakini ushindi mahakamani una sura nyingi, na sura iliyopatikana siku ile imeandikwa kwenye aya chache za mwisho ambazo karibu hakuna anayezifikia.

Tuanze na kilichokuwa kikibishaniwa. Kifungu cha 13 kilimruhusu mwanamume kuoa akifikisha miaka 18, na mwanamke kuolewa akifikisha 15. Mahakama nayo ilipewa mamlaka ya kuruhusu hata mwenye miaka 14, zikiwapo sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake, na kama baba amefariki, ya mama. Kwa mvulana hakuna kifungu cha namna hiyo, maana kabla ya miaka 18 hatazamiwi kuoa. Hoja ya Gyumi ilikuwa nyepesi kueleweka: Katiba, kuanzia Ibara ya 12 hadi 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na sheria hii inamtenga msichana kwa sababu ni msichana. Mahakama ikakubali.

Hadi hapo ni sababu za uamuzi. Sababu ni muhimu kwa mawakili, kwa sababu ndizo zitakazonukuliwa katika kesi zijazo. Mwananchi anayetaka kujua maisha yake yamebadilika vipi lazima asonge mbele hadi kwenye amri. Na amri ilisema hivi, kwa ufupi: Serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu, inapewa mwaka mmoja kurekebisha kasoro za vifungu hivyo viwili na kuweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa.

Kwa nini mwaka? Kama sheria ni mbovu, si ifutwe leo leo? Jibu liko kwenye Ibara ya 30(5) ya Katiba, ibara ambayo kwa maoni yangu ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha habari. Ibara hiyo inaipa Mahakama Kuu njia mbili inapokuta sheria inavunja haki za msingi. Inaweza kuitangaza kuwa batili, ikafa palepale. Au, ikiona inafaa, inaweza kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha ndani ya muda itakaoutaja. Ikichagua njia ya pili, sheria ile ile iliyokutwa na kasoro inahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au hadi muda uishe, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo binti aliyeozwa kwa ridhaa ya baba yake wiki moja baada ya hukumu, akiwa na miaka 15, aliolewa chini ya sheria iliyokuwa bado hai. Inauma kusikia, lakini ndivyo amri ilivyosema.

Majaji hawaichagui njia hii kwa woga. Kufuta kifungu kunaacha pengo, na mahakama haina kalamu ya kutunga sheria. Sheria ya umri wa ndoa ikifutwa ghafla bila nyingine kuingia mahali pake, watu wataoa na kuolewa kwa umri gani? Kazi hiyo ni ya Bunge.

Kisha ikaja rufaa. Serikali ilikwenda Mahakama ya Rufani ikiwa na hoja kadhaa, mojawapo ikigusa nafasi ya mila na ya sheria ya Kiislamu katika mambo ya ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hapo uzito wa uamuzi ulibadilika. Uamuzi wa Mahakama Kuu unazibana mahakama zilizo chini yake, lakini jaji mwingine wa Mahakama Kuu anaweza kuona tofauti. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazibana mahakama zote zilizo chini yake, Mahakama Kuu ikiwamo, na juu ya Mahakama ya Rufani Tanzania haina mahakama nyingine.

Majirani zetu Wakenya walilijua jambo hili la muda kupitia hati zao za mshahara. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara, inakiuka Katiba, pamoja na mengine kwa kuwabagua wenye ajira rasmi. Watu walishangilia. Mwisho wa mwezi tozo ikakatwa kama kawaida, kwa kuwa mahakama ile ile ilikuwa imesimamisha utekelezaji wa uamuzi wake hadi Januari 2024. Mahakama ya Rufani ilipokataa kurefusha usimamishaji huo, makato yalikoma. Machi ikapitishwa sheria mpya, na tozo ikarudi.

Kuna jambo la pili linalopotea njiani: mahakama hujibu ilichoulizwa. Gyumi aliuliza kuhusu vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa. Hakuuliza kuhusu Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 130, katika kueleza kosa la kubaka, kilimtambua mke wa miaka 15 na zaidi kuwa nje ya ulinzi wanaopewa wasichana wengine walio chini ya miaka 18. Hukumu haikukigusa. Vilevile haikuhusika na Sheria ya Elimu, ambayo mwaka huo huo wa 2016 ilirekebishwa ili anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari afungwe miaka 30. Mtu anayekuambia mwanafunzi analindwa na kesi ya Gyumi anachanganya mambo mawili. Analindwa na Bunge, na alilindwa kabla rufaa haijasikilizwa.

Kikwazo kingine ni lugha. Hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za ngazi za juu bado zinatoka kwa Kiingereza. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho. Tafuta nani ameamriwa, afanye nini, na kwa muda gani. Kisha uliza kama rufaa imekatwa na kama utekelezaji umesimamishwa.

Tumia njia hiyo hiyo kwa kesi yetu. Mwaka uliotolewa, uuhesabu kutoka 2016 au kutoka 2019, ulikwisha huku kitabu cha sheria kikiendelea kusema miaka 15. Wapo mawakili watakaokuambia kwamba maandishi yasiyofutwa na Bunge bado ni sheria. Mimi nasoma Ibara ya 30(5) kama ilivyoandikwa: uhalali wa muda unakoma muda unapokwisha. Mzazi, shehe, padri au msajili anayetegemea kifungu cha 13 kufungisha ndoa ya binti wa miaka 15 anasimama juu ya kifungu ambacho mahakama mbili zimeshakikataa. Kabla hajatia saini, amwone wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye huduma yake ni bure.