Jua la Langobaya, Bili ya Baricho

Tangu Desemba 2021 jua la Langobaya, bara ya Malindi, limekuwa bidhaa. Kiwanda cha Malindi Solar, katika eneo la Weru, kina paneli za uwezo wa megawati 52, na huingiza kwenye gridi takriban megawati 40 jua linapokuwa kali. Kilijengwa na kampuni ya Globeleq, yenye makao yake Uingereza, pamoja na mshirika wake. Mnunuzi ni mmoja tu, Kenya Power, kwa mkataba wa miaka 20. Kwa hivyo wakazi wa Malindi wana haki ya kuuliza: ikiwa stima inatoka kwetu, mbona yuniti za tokeni haziongezeki?

Jibu ni kwamba stima haina kwao. Ikishatoka Weru huingia kwenye laini kuu ya kilovolti 220 inayotoka Rabai hadi Lamu, na humo huchanganyika na ya mvuke wa Olkaria na ile inayonunuliwa Ethiopia tangu 2022. Bei hupangwa na mamlaka ya EPRA kwa nchi nzima. Mama wa Langobaya anayeziona paneli akiwa uani kwake hulipa sawa na mwenzake wa Kisumu.

Juu ya bei hiyo huja nyongeza. Kuna gharama ya mafuta, ambayo hupanda mitambo ya mafuta mazito inapowashwa. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kwa sababu mikataba na mikopo mingi ya umeme huhesabiwa kwa dola au yuro. Kuna asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Tena jua huzama mapema mno: Wakenya hutumia stima kwa wingi zaidi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, taa, televisheni na pasi zikiwashwa kwa pamoja. Saa hizo paneli za Weru zimelala, na mitambo ya mafuta kama ile ya Rabai, megawati 90 ndani ya Kaunti hii hii ya Kilifi, huitwa kazini. Umeme wa jua hupunguza mafuta ya mchana. Ya usiku hauyagusi.

Ni nani basi huamua haya yote? Hapo ndipo suala la umiliki linapoingia. Kenya Power ni ya umma kwa kiasi: serikali kuu ina asilimia 50.1 na hisa zilizobaki zinauzwa sokoni Nairobi. Kilifi haina kiti mezani kwa haki yake yenyewe. Haikuwa hivi tangu mwanzo, maana umeme wa nchi hii ulianza kama shughuli ya mji mmoja mmoja. Mombasa ilikuwa na kampuni yake na Nairobi yake, mpaka zilipounganishwa mwaka 1922. Zilikuwa za wafanyabiashara, lakini zilikuwa za mji.

Kwingine, mji wenyewe ndio mwenye stima. Huko Sacramento, Marekani, wakazi walipiga kura mwaka 1923 kuanzisha shirika lao la umeme. Kampuni iliyokuwa na nyaya iliwaburuta mahakamani, na shirika likaanza kuuza umeme mwaka 1946 tu. Leo wajumbe wa bodi huchaguliwa na wakazi, na hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Katiba yetu ya 2010 haikufunga mlango huo. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi.

Hata hivyo, singeishauri Kilifi ianze kwa kudai nguzo na nyaya. Usambazaji ndipo hasara ilipo: zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na Kenya Power hupotea kabla ya kulipiwa, kwa uchakavu wa mtandao na kwa wizi. Halafu kuna Ganze na Magarini, humu humu Kilifi, ambako nyumba zimetawanyika na laini ndefu humfikia mteja mwenye balbu mbili. Gharama ya laini hiyo leo inagawanywa kwa nchi nzima, vikiwemo viwanda vya Nairobi. Kaunti ikijitenga, itambebesha mzigo huo nani? Hoteli za Watamu peke yake haziwezi.

Mimi ningeanzia Baricho, wala si mimi wa kwanza kusema hivyo. Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ndivyo vinavyoinywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mitambo iko chini ya shirika la maji la Pwani, ambalo ni la serikali kuu. Kampuni za maji za Malindi na Kilifi-Mariakani, mali ya kaunti, hununua maji hayo kwa jumla na kuyauza. Mara kadhaa stima ya pampu imekatwa kwa deni, na miji ikakauka. Hili linaniuma kuliko lolote katika habari hii: shirika la umma linakatia shirika la umma, na anayebaki na mtungi mtupu hakuwa na deni na yeyote.

Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 100 kunahitaji, kwa fizikia tupu, yuniti 0.27. Pampu na mota zikichukua chao, zinakaribia 0.4. Zidisha hiyo kwa maji ya miji mitatu, usiku na mchana, kisha ongeza maji yanayovuja njiani, ambayo nayo yameshakula stima yake. Lakini pampu ina fadhila moja ambayo taa haina: haichagui saa. Ikipandisha maji mchana hadi kwenye tangi lililo juu, usiku yatateremka yenyewe. Tangi ni betri ambayo fundi wa hapa hapa anaweza kuijenga na kuiziba ufa.

Paneli zikisimama Baricho na umeme ukatumika pale pale, hazihitaji nyaya za mtu mwingine, bali kibali cha EPRA na mtaji. Mtaji ndio mtihani. Zikijengwa na mwekezaji kwa mkataba wa dola, tutakuwa tumeuleta mtindo wa Weru kisimani. Nataka ziwe mali ya kaunti na shirika la maji, kwa mkopo wa shilingi kila inapowezekana, na mkataba utangazwe kabla ya kutiwa saini. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mahali pa kuliandika jambo hili ni humo.

Liko na la mwisho, nalo ni la uhasibu. Bei za maji huidhinishwa na bodi ya WASREB. Kampuni za Kilifi zitakaporudi huko kuomba bei mpya, gharama ya kusukuma maji iwekwe katika mstari wake peke yake, mwaka kwa mwaka, ili bili ya Baricho ikishuka muuza maji wa kioski cha Ganze aweze kuuliza kwa nini mtungi wake haujashuka nayo.